Dawa, Eddagala na Uzima: Imani na Uponyaji katika Historia ya Kampala

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Buganda hapati taabu kubwa na salamu "U mzima?" Nyumbani kwao husalimiana "Oli mulamu?", na maana ni ile ile. Taabu huanza pale anapokutana na chungwa zima, mtu mzima, siku nzima na uzima wa milele, akauliza ni vipi shina moja limebeba ukamilifu, utu uzima, afya na uhai kwa pamoja. Swali hilo ni la sarufi, lakini si la sarufi peke yake. Kwa zaidi ya miaka mia moja Wakristo wa Kampala wamekuwa wakiulizana kuwa mzima ni kuwa vipi, na ni nani mwenye uwezo wa kumfanya mtu awe mzima. Wapo waliopoteza vyeo kwa sababu ya jibu lao, na wapo waliofia uhamishoni.

Katika makala haya tunakusudia kulifuatilia swali hilo katika vipindi vitatu: kuanzishwa kwa hospitali ya Mengo mwaka 1897, kundi lililokataa dawa kuanzia mwaka 1914, na miaka ya Ukimwi. Hoja yetu ni kwamba pande zilizogombana zilitamani jambo moja, na kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ilisimama juu ya upana wa neno moja la Kiganda, eddagala.

Neno moja, mambo mawili

Eddagala kwa Kiganda ni kama dawa kwa Kiswahili. Ni majani yanayochemshwa kutibu homa, na pia ni hirizi inayofungwa kiunoni au kitu kinachofukiwa kizingitini ili adui asipite. Mwenye kulitoa huitwa omusawo, naye anaweza kuwa mtaalamu wa mitishamba au mtu mwenye kushirikiana na lubaale, yaani mizimu mikuu ya Buganda. Wazungu walipokuja na chupa zao na sindano zao, Waganda hawakuunda neno jipya. Chupa ikaitwa eddagala, na daktari naye akaitwa omusawo. Kiswahili kilifanya vivyo hivyo: mpaka leo tunaye mganga wa kienyeji, na Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali.

Sasa tufikirie hali ya msomaji wa Biblia wa wakati ule. Masomo ya awali ya Ukristo katika ikulu ya Kabaka Mutesa, baada ya wamisionari wa Kianglikana kufika mwaka 1877, yalitegemea sana maandiko ya Kiswahili, kwa kuwa lugha hiyo ilikwisha kufika na misafara ya biashara kutoka pwani. Kisha George Pilkington na wenzake Waganda wakaifanya kazi kubwa ya tafsiri, na Biblia nzima ya Kiganda ikakamilika mwaka 1896. Wakristo waliitwa abasomi, wasomaji, kwa sababu kuamini na kusoma vilikuwa kitu kimoja. Msomaji huyo akifika katika sura ya 18 ya Kumbukumbu la Torati, inayokataza uaguzi, uchawi na kuomba mizimu, ataona waziwazi kwamba kazi za omusawo wa zamani zimekatazwa. Je, omusawo wa chupa na sindano yumo katika katazo hilo au hayumo? Kitabu hakikumjibu moja kwa moja, na lugha yake haikumpa maneno mawili ya kuwatenganisha watu hao wawili.

Hospitali ya kilimani

Mwaka 1897 Dakta Albert Cook alifika Buganda pamoja na msafara wa wamisionari waliotembea kwa miguu kutoka Mombasa, maana reli ilikuwa bado. Katika mwaka huo huo alianza kutibu wagonjwa kwenye kilima cha Namirembe, na hapo ndipo ilipozaliwa hospitali ya Mengo, ya kwanza nchini. Majengo ya awali yalikuwa ya matete na nyasi. Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali, ikajengwa upya kwa matofali. Kanisa Katoliki nalo likaanzisha huduma zake Rubaga na Nsambya, hata vilima vya Kampala vikawa na kanisa na hospitali jirani kwa jirani.

Kwa Cook, hospitali na ibada havikutenganishwa. Wagonjwa walisomewa neno na kuombewa wodini, na daktari aliomba kabla ya upasuaji. Naye aliijali lugha. Aliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa, kwa ajili ya wakunga waliofunzwa naye na mkewe, Katharine. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale ulizuka na kuua zaidi ya watu laki mbili kandokando ya Ziwa Viktoria na visiwani, na Mengo ilikuwa miongoni mwa mahali ulipotambuliwa mapema. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuuponya. Ni vema tulikumbuke jambo hili kabla ya kuwacheka waliotilia shaka hospitali: waliyaona mauti yakipita mikononi mwa waganga wa zamani na wa kizungu sawasawa.

Mugema na kundi la Mungu Mmoja

Joswa Kate hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Mugema, yaani mkuu wa ukoo wa Nkima (tumbili), mwenye dhamana juu ya makaburi ya wafalme, na chifu wa saza ya Busiro. Jina lenyewe la Busiro linahusishwa na amasiro, makaburi hayo ya kifalme. Alikuwa pia miongoni mwa Waprotestanti wa mwanzo, na kwa miaka mingi alisimamia msimamo wake kwamba Mkristo anayemtegemea Mungu hana haki ya kutumia eddagala la aina yoyote. Kanisa lilimvumilia lakini halikukubaliana naye.

Mwaka 1914 Mugema aliungana na mwalimu wa dini aliyeitwa Malaki Musajjakawa, wakaanzisha Ekibiina kya Katonda Omu Ayinza Byonna, yaani Chama cha Mungu Mmoja Awezaye Yote. Watu wakakiita cha Abamalaki, kwa jina la mwalimu huyo. Waliwabatiza watu bila ya mafundisho marefu yaliyodaiwa na Waanglikana, na hilo lilivuta wengi waliokuwa wamekaa miaka mlangoni mwa kanisa wakisubiri. Wafuasi walifikia makumi ya maelfu, wakaenea hadi mashariki ya nchi. Semei Kakungulu, jemadari maarufu wa Mbale, alijiunga nao kwa muda kabla ya kuanzisha jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya mwaka 1919.

Kiini cha mafundisho yao kilikuwa rahisi kueleza. Mungu ndiye mwenye kuponya. Anayekwenda kwa omusawo amemwekea Mungu mshirika. Walikataa chanjo pia, na hapo ndipo walipogongana na serikali. Kwa Mugema, mkoloni aliyelazimisha sindano kwa nguvu ya sheria alikuwa amejipa mamlaka juu ya mwili wa muumini, mamlaka ambayo hata mapadre wa lubaale hawakuwahi kuwa nayo. Kwa serikali, mtu mmoja aliyekataa chanjo aliwahatarisha majirani zake wote. Kila upande ulikuwa na hoja nzito, na wala si haki kusimulia kisa hiki kana kwamba ni vita vya akili na ujinga.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mugema alikwisha kupoteza uchifu wake. Mwaka 1929, baada ya mvutano mkali juu ya hatua za kuzuia tauni, yeye na Malaki walihamishwa hadi kaskazini ya nchi. Malaki aligoma kula akafa huko Kitgum mwaka huo huo. Mugema aliishi Gulu mpaka kufa kwake mwaka 1942, mbali na makaburi aliyopewa kuyatunza. Chama chao kilififia.

Mwaka ule ule, kilima kile kile

Mwaka huo wa 1929, juu ya Namirembe, walikutana watu wawili waliochoka kiroho: Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kufanya kazi katika idara ya afya. Wote wawili walikuwa watu wa dawa, lakini walichokuwa wakikitafuta hakikuwa katika kabati la dawa. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na mkutano huo ukawa moja ya chemchemi za uamsho wa Afrika Mashariki. Wafuasi wake waliitwa Balokole, waliookoka.

Balokole hawakukataa hospitali. Walisema ugonjwa mkubwa ni dhambi inayofichwa, na tiba yake ni kuungama mbele ya ndugu. Kwa namna hiyo waliligawa swali ambalo Mugema alikuwa amelishika lote kwa mkono mmoja. Mwili ungeweza kwenda Mengo. Moyo ungekwenda kwenye ushirika. Mgawanyo huo uliokoa maisha mengi. Hata hivyo, uliacha pengo: mgonjwa ambaye hospitali haikuweza kumponya angetafuta wapi uzima wake?

Miaka ya Ukimwi

Pengo hilo lilionekana wazi Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980. Dawa hazikuwapo na hofu ilikuwa kubwa. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO kuwasaidia wenye virusi na jamaa zao, wakisisitiza kwamba mtu anaweza kuishi vema akiwa na virusi. Mwaka 1992 Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Uganda alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi, akawa wa kwanza miongoni mwa viongozi wa dini barani Afrika kufanya hivyo. Hakudai kwamba ameponywa. Alidai nafasi yake kanisani na haki ya kutibiwa, na kwa kufanya hivyo aliwarudishia wengi sehemu ya uzima ambayo aibu ilikuwa imewanyang'anya.

Wakati huo huo makanisa ya Kipentekoste, ambayo Idi Amin alikuwa ameyapiga marufuku mengi mwaka 1977, yalikuwa yakikua kwa kasi katika majumba ya sinema ya zamani na mabanda ya mbao. Humo mgonjwa aliwekewa mikono na kuitwa kwa jina, jambo ambalo foleni ya hospitali haikumpa. Hatari ilizidi baada ya mwaka 2004, dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure. Waumini walioambiwa wamepona waliziacha. Swali la Mugema likarudi, mara hii likiwa na vidonge mkononi.

Hitimisho

Kiganda kinatofautisha okujjanjaba na okuwonya, kama Kiswahili kinavyotofautisha kutibu na kuponya. Maandishi yanayoonekana katika kuta za hospitali nyingi za misheni, kwamba sisi hutibu na Mungu huponya, yangeweza kuwekwa mbele ya Cook na Mugema pamoja. Cook angeyakubali yote. Mugema angekubali nusu ya pili. Walitofautiana katika eddagala, neno ambalo halikuwapa nafasi ya kutenganisha chupa na hirizi. Hatusemi kwamba maneno mawili yangemzuia Malaki asifie Kitgum, maana palikuwa na siasa ya kikoloni pia. Tunasema kwamba palipokosekana maneno, nguvu ilichukua nafasi ya mazungumzo.

Walimu wenzetu tunalo la kujifunza. Wizara ya Afya ya Uganda kwa Kiganda ni Minisitule y'Ebyobulamu, kwa tafsiri ya neno kwa neno, wizara ya mambo ya uzima. Kiswahili kimepata afya kutoka Kiarabu, kikauachia uzima maana yake pana. Tunapowafundisha wanafunzi wetu kutafsiri matangazo ya afya, tuwazoeze kuuliza kama dawa inayotajwa inatibu, inaponya au inapunguza makali. Mgonjwa atakayelisoma tangazo hilo hatakuwa na kamusi. Atakuwa na neno tulilomchagulia, na juu ya neno hilo ataamua kama kesho atameza kidonge chake au la.