Gesi ya jokofu ikivuja: Soma kibandiko kabla ya kununua kifaa

KATIKA miji ya Korogwe na Handeni mkoani Tanga, jokofu ni tegemeo la muuza vinywaji kando ya barabara, la muuza maziwa, na la zahanati yenye chanjo, ambazo nyingi hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Likiacha kupoza, mara nyingi huitwa fundi akajaza gesi, akalipwa, akaondoka. Baada ya wiki chache huitwa tena.

Gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, wala haiishi kama mafuta ya taa ndani ya koroboi. Ikipungua, kuna mahali inavuja.

Vifaa vya kielektroniki vya kutafuta uvujaji havilingani. Vingi vya kawaida huhisi klorini au florini, hivyo hufaa kwa R-22 ya viyoyozi vya zamani na R-134a ya majokofu mengi. Lakini majokofu mengi mapya ya nyumbani hutumia R-600a, yaani isobutani, isiyo na klorini wala florini, na ambayo huwaka moto. Kifaa cha aina ya kwanza kitapita juu yake kimya, na fundi atamwambia mwenye jokofu kuwa hakuna tatizo. Kwa hiyo soma kwanza kibandiko kilicho nyuma ya jokofu au karibu na kompresa. Kama kimeandikwa R-600a, tafuta kifaa cha gesi zinazowaka, kisichotoa cheche. Ile taa ya zamani ya mafundi, ambayo mwali wake hugeuka kijani, isisogezwe hapo kabisa.

Washa kifaa penye hewa safi, zima feni, kisha pitisha ncha yake upande wa chini wa bomba, kwa kuwa gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Mwendo uwe wa polepole, sentimita 2 au 3 kwa sekunde. Anza na maungio yenye doa la mafuta, maana mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi.

Asiyemudu kifaa asidharau povu la sabuni. Halibagui gesi, na hata mwenye kifaa hulitumia kuthibitisha tundu, ingawa uvujaji mdogo sana huweza kulipita. Gesi ikiwa imekwisha yote, fundi ajaze nitrojeni kavu kupitia kidhibiti cha shinikizo, kisha apake povu. Oksijeni isitumike kamwe. Ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka.

Wenye viyoyozi vya R-22 wana sababu zaidi ya kuziba tundu mapema. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha gesi hiyo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo.