Jembe la Siku ya Tatu: Somo la Uchumi Kutoka Dzaleka

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeifundisha miaka mingi, na mara nyingi tumeifasiri kwa namna moja tu: mgeni asikae akawa mzigo. Historia ya kambi ya Dzaleka, Malawi, inatulazimu kuisoma upya, kwani huko wapo wageni waliongoja jembe kwa zaidi ya miaka thelathini.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilomita zisizofika 50 kutoka Lilongwe. Zama za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe ni la Kichewa: -dza- ni kiambishi cha wakati ujao na -leka ni kuacha, yaani, aliyepitia hapo ataacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanazidi 50,000, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao.

Kwa nini jembe halikutolewa? Malawi iliporidhia mwaka 1987 Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka pingamizi juu ya vifungu kadhaa, vikiwamo cha 17 kuhusu kazi ya ujira na cha 26 kuhusu uhuru wa kwenda na kuishi mahali mtu apendapo. Tuwe waadilifu: nchi hiyo maskini ilikuwa ikipokea wakimbizi wa Msumbiji, ambao hatimaye walifika kama milioni moja. Hofu yake inaeleweka. Lakini Wamsumbiji walirejea kwao baada ya mapatano ya amani ya 1992, ilhali pingamizi zilibaki.

Matokeo yake ni uchumi unaomhesabu mtu kwa kinywa chake, si kwa mikono yake. Mgawo hutegemea wafadhili, na umepunguzwa mara kadhaa fedha zilipoadimika. Uchumi wa namna hiyo hauwezi kuitwa endelevu. Hata hivyo watu walichuma: walishona, walilima, walifungua vibanda, na wengine wakafanya biashara Lilongwe. Mei 2023 serikali ilianza kuwakamata walioishi nje ya kambi na kuwarudisha Dzaleka. Maduka yakafungwa, na waliokuwa wakijilisha wakarudishwa kwenye foleni ya mgawo.

Mchumi wa Chile, Manfred Max-Neef, alifundisha kwamba mahitaji ya binadamu si chakula na ulinzi tu, bali pia kushiriki, kubuni, kuwa na utambulisho na kuwa huru. Mwaka 2014 mshairi Mkongo, Menes la Plume, alianzisha kambini Tamasha la Tumaini. Wamalawi wakaja kusikiliza muziki, wakanunua vyakula na kazi za mikono, na baadhi yao wakalala katika nyumba za wakimbizi. Kwa siku chache mgeni akawa mwenyeji.

Neno uchumi limetokana na kuchuma, na hakuna achumaye akiwa amefungwa mikono. Basi walimu wenzetu, mtakapoifundisha tena methali hii, waulizeni wanafunzi: jembe hilo ni la kumchosha mgeni ili aondoke, au ni la kumpa nafasi shambani? Sisi tunaona kwamba anayepewa jembe ameshahesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumba ile.