Mafuta ya maisha... maisha ya nani? Historia fupi ya filta ya giaboksi

Leo naweka kodi kando kidogo (kidogo tu!) niwaeleze juu ya kitu kilichofichwa chini ya gari la fowili, ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukiona kwa macho: filta ya mafuta ya giaboksi ya otomatiki.

Chanzo cha haya yote ni mjomba wangu. Alinunua fowili iliyotumika, na aliyemuuzia akamwambia mafuta ya giaboksi ni "ya maisha", hayabadilishwi kamwe. Mjomba akaamini. Gari hilo ndilo humpeleka nyanya kliniki, na barabara ya kwetu ni mlima na mawe mwanzo hadi mwisho. Likaanza kuchelewa: unaweka D, unahesabu moja, mbili, tatu... ndipo linashtuka na kuondoka. Siku moja likagoma katikati ya mlima, nyanya akiwa ndani. Fundi alipofungua sampu, filta ilikuwa imejaa tope jeusi kama masizi ya jikoni.

Nikajiuliza, hili neno "maisha" lilitoka wapi? Ndiyo nikaanza kusoma.

Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi ya Hydra-Matic, kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Ilikuwa na gia nne za mbele na haikuhitaji klachi ya mguu. Mimi kama mtu wa programu nilibaki mdomo wazi, kwa sababu ndani yake mna kompyuta ya mafuta! Pampu inasukuma mafuta kwenye vijia vyembamba. Valvu na springi zinalinganisha presha mbili, moja inayotokana na mwendo wa gari na nyingine inayotokana na eksileta, kisha zinaamua ni gia ipi. Ni if na else tupu, bila transista hata moja.

Lakini kompyuta hii ina adui mmoja, uchafu. Valvu zake zinateleza ndani ya matundu yenye nafasi finyu sana, na chembe ndogo yaweza kuikwamisha moja na kuharibu hesabu yote. Kwa hiyo mafuta huchujwa kabla hayajaingia kwenye pampu. Kwanza ulitumika wavu wa waya, ambao fundi aliutoa, akauosha na kuurudisha. Wavu hunasa vipande vikubwa tu. Baadaye zikaja filta za karatasi na za kitambaa kizito, ambazo hunasa vumbi laini pia. Hizi hazioshwi. Zikijaa ni kutupa.

Tuje kwenye fowili sasa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa mtihani wa kwanza mkubwa wa giaboksi hizi nje ya lami: kifaru chepesi M5 Stuart, kilichoanza kuundwa 1942, kilikuwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Kwa raia, Jeep Wagoneer ya mwaka 1963 ndiyo iliyoleta otomatiki kwenye fowili. Range Rover ilizaliwa 1970 ikiwa na gia za mkono tu, ikasubiri hadi 1982 kupata otomatiki.

Na kazi ya fowili ni ngumu kweli. Ukipanda mlima polepole, injini inazunguka kwa kasi kuliko shafti inayopokea nguvu kwenye giaboksi, na tofauti hiyo hugeuka joto ndani ya mafuta. Joto huchosha mafuta na klachi, na klachi zikilika hutoa vumbi jeusi. Ukivuka mto, maji yaweza kuingia kupitia tundu la kupumulia, na mafuta yakageuka rangi ya maziwa ya stroberi. Gari likiinama sana na mafuta ni pungufu, mdomo wa filta hunyonya hewa. Filta iliyoziba huleta njaa ileile: pampu inalia, presha inashuka, klachi zinateleza, zinaungua, zinatoa vumbi zaidi, filta inazidi kuziba. Ni lupu isiyo na mwisho!

Sasa hilo neno "maisha". Kadiri mafuta yalivyoboreshwa, watengenezaji wengi waliondoa kijiti cha kupimia na kuifunga giaboksi. Mfano mzuri ni ZF 6HP26 ya Ujerumani, iliyoanza 2001 kwenye BMW na kuingia kwenye Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2004. Filta yake imeunganishwa na sampu ya plastiki, kwa hiyo ukitaka filta mpya unanunua sampu nzima. Baadhi ya makampuni ya magari yakasema mafuta hayo ni ya maisha. Lakini ZF wenyewe, waliounda giaboksi, wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8.

Miaka minane! Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Maana yake ni kwamba magari mengi yanateremka Mombasa wakati uleule ambapo "maisha" yale yanakwisha. Mwenye gari wa kwanza hakudanganywa. Gari lilimtumikia vizuri, akaliuza. Mwisho wa maisha hayo unamkuta mwenye gari wa pili, yaani sisi.

Kwa kifupi, fanya hivi. Ukinunua fowili ya otomatiki, mwambie fundi afungue sampu, asiishie kumwaga mafuta. Filta na sumaku za sampu ni kama logi ya seva, zinakueleza yaliyopita. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kuchakaa kwa kawaida. Vipande vya chuma, au tope jeusi lenye harufu ya kuungua, ni onyo. Weka filta na gasketi mpya, na mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kumbuka kumwaga mara moja hakutoi mafuta yote, mengi hubaki ndani. Na upimaji ufanyike kwenye joto lililotajwa kitabuni, la sivyo utadanganyika.

Kwa mjomba, filta mpya ilichelewa. Klachi zilikuwa zimekwisha, na giaboksi ilibidi ifunguliwe yote. Nyanya alipanda matatu kwenda kliniki miezi miwili. Siku hizi mjomba ameandika kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya mlango wa gari, kilomita ya kubadilisha filta tena. Akimuuzia mtu, huyo mtu ataikuta.