Metallica: walikua kwa kaseti za kurekodiana, wakaja kushitaki waliorekodiana

Bumu bado, testi zinafuatana kama siafu, na mimi badala ya kukaa na notsi za saikolojia ya elimu nimekaa na Metallica. Jamaa wa bwenini wanajua ugomvi wetu wa chumbani, rumeti anataka bongo fleva mimi nataka magitaa, na kila siku naambiwa nasikiliza kelele za wazungu waliolewa. Sawa tu, kila mtu na masikio yake. Lakini hata kama hevi metali huitaki kabisa, historia ya hawa jamaa ni tamu, hasa kwa sisi watu wa ualimu. Ambaye hataki apite kushoto.

Basi bwana, tuanze Los Angeles mwaka 1981. Kuna dogo mmoja wa Denmark anaitwa Lars Ulrich, miaka 17. Baba yake, Torben Ulrich, alikuwa mcheza tenisi wa kimataifa, na Lars alipelekwa Marekani ili naye afunzwe tenisi. Dogo raketi haimwingii akilini, anataka ngoma. Akaweka tangazo kwenye gazeti la matangazo madogo madogo, The Recycler, kwamba anatafuta watu wa kupiga nao muziki. Ndipo akakutana na James Hetfield.

Huyu James nyumbani kwao mambo yalikuwa magumu. Wazazi walikuwa waumini wa Christian Science, dhehebu ambalo haliamini mambo ya hospitali na dawa. Baba aliondoka nyumbani James akiwa na miaka 13. Mama akapata kansa, dawa hakuna kwa sababu ya imani, akafariki 1980 mtoto ana miaka 16. Ukijua hilo utaelewa kwa nini jamaa anaimba kama mtu anayedai deni. Wimbo wao wa 1991, The God That Failed, unahusu jambo hilo hilo.

Jina la bendi lilipatikana kwa ujanja wa mjini. Rafiki yake Lars, Ron Quintana, alikuwa anataka kuanzisha jarida la muziki, akamwonyesha Lars majina aliyoyaorodhesha. Lars akaona limo Metallica. Akamshauri mwenzake achukue jina lingine, MetalMania, eti ndilo zuri zaidi, halafu yeye huyo akaondoka na Metallica. Marafiki wa hivyo tunao hata hapa.

Sasa sikilizeni hii sehemu, maana huko mbele itarudi. Mwaka 1982 walirekodi kaseti ya majaribio, No Life 'til Leather. Haikuuzwa dukani kama albamu. Iliuziwa wapi basi? Hakuna. Mtu mmoja alirekodi kutoka kwa mwenzake, akamtumia mwingine kwa posta, huyo naye akarekodi akatuma mji mwingine, mpaka ikavuka bahari ikafika Ulaya. Kila nakala inakwaruza kuliko ya kwanza, lakini hakuna aliyejali. Redio hazikuwataka, televisheni haikuwajua, ila vijana wa mbali ambao hawajawahi kuwaona walishazikariri nyimbo zote. Jina lao lilijengwa na kaseti za bure, hilo liwekeni akilini.

Walimpata pia mpiga besi, Cliff Burton, na huyu ndiye mtu ninayempenda kuliko wote kwenye hadithi hii. Walipomfuata akawaambia poa, nitajiunga, lakini mimi Los Angeles siji, nyie ndio mje huku kwetu upande wa San Francisco. Bendi nzima ikahama kwa ajili ya mtu mmoja, tena wa besi! Mwanzoni mwa 1983 wakawa wameshahamia. Cliff alikuwa amesoma muziki chuoni, Chabot College, anaipenda kazi ya Bach, anajua nadharia ya muziki wakati wenzake walikuwa wanapiga kwa kusikia tu. Akawa kama tyuta wao. Zile sehemu ambapo magitaa mawili yanaimba kwa sauti zinazopishana, kwa kiasi kikubwa hapo ndipo darasa la Cliff linaposikika.

Aprili 1983 wakaenda New York kurekodi, na huko wakamfukuza mpiga gitaa wao Dave Mustaine kwa sababu ya ulevi na ugomvi. Walimwamsha asubuhi wakampa tiketi ya basi kurudi California, safari ya siku nne hivi, nchi nzima kutoka mashariki hadi magharibi. Jamaa akaanzisha Megadeth, nayo ikawa bendi kubwa sana, lakini miaka mingi baadaye bado alikuwa na kidonda cha ile asubuhi. Nafasi yake akapewa Kirk Hammett kutoka Exodus, mwanafunzi wa Joe Satriani. Albamu ya kwanza, Kill 'Em All, ikatoka Julai 1983. Ya pili, Ride the Lightning, wakairekodi Copenhagen, ikatoka 1984. Machi 1986 ikaja Master of Puppets. Hiyo ya tatu Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza mwaka 2016 kwenye hazina ya taifa ya rekodi za kutunzwa, ikawa ya kwanza ya aina ile ya metali ya kasi. Wale waliosema ni kelele, kazi kwenu.

Halafu Septemba 27, 1986. Walikuwa ziarani Sweden, wanasafiri usiku kwa basi lenye vitanda. Kirk na Cliff wakachaguliana kitanda kwa karata, Cliff akavuta jike la... hapana, akavuta ree ya shupaza, akachukua kitanda cha Kirk. Alfajiri karibu na Ljungby basi likaacha njia likapinduka. Cliff akatupwa nje ya dirisha, basi likamwangukia. Alikuwa na miaka 24. Dereva alisema barabara ilikuwa na barafu. James alitembea kwenye ile barabara kwenye baridi, amevaa nguo za ndani na soksi, akitafuta hiyo barafu, na alisema hakuiona. Dereva hakuonekana na kosa. Ikaishia hapo.

Na hapa ndipo nina ugomvi nao. Wiki sita tu baada ya ajali walikuwa tena jukwaani na mpiga besi mpya, Jason Newsted kutoka Flotsam and Jetsam. Msiba haukuliliwa. Waliosoma bweni wanajua njuka anavyofanyiwa wiki za mwanzo. Sasa Newsted alikuwa njuka miaka kumi na nne. Hotelini wanaandikisha bili kwa jina lake, wanatupa vitu vyake, wanamtania kila siku, na yeye kosa lake ni moja tu, kwamba si Cliff. Albamu ya 1988, ...And Justice for All, jaribu kuisikiliza kwa spika nzuri halafu niambie besi iko wapi. Haipo! Kijana kaipiga, kaimaliza, kisha ikateremshwa mpaka haisikiki. Steve Thompson, mmoja wa waliochanganya sauti za albamu ile, alikuja kusema kuwa Lars ndiye aliyetaka iteremshwe. Mtu akinipa somo la malezi na ushauri nasaha, huu ndio mfano nitakaoutoa darasani: watu wanne, huzuni moja, na mmoja anabebeshwa yote.

Miaka ya pesa naipita haraka. Agosti 1991 ilitoka ile albamu yenye jalada jeusi, produza Bob Rock, nyimbo fupi zaidi na nzito zaidi, ikauza zaidi ya nakala milioni 16 Marekani peke yake. Septemba mwaka huo walipiga Moscow kwenye uwanja wa ndege wa Tushino mbele ya bahari ya watu. Kufikia 1996 na Load wakakata nywele, na mashabiki wa zamani wakanuna kana kwamba wamekatwa wao.

Sasa turudi kwenye kaseti. Mwaka 2000 kulikuwa na programu inaitwa Napster, iliyoanzishwa na Shawn Fanning akiwa bado kijana wa chuo. Unaiweka kwenye kompyuta, unachukua wimbo kutoka kompyuta ya mtu mwingine popote duniani, bure. Metallica wakagundua wimbo wao I Disappear, ambao haujatoka, unapigwa redioni, na chanzo ni huko. Aprili 13 wakafungua kesi. Na hawakuishitaki Napster peke yake, waliunganisha na VYUO VIKUU: Yale, Indiana na University of Southern California, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanatumia mtandao wa chuo kushusha nyimbo. Yale na Indiana wakaifunga Napster chap chap wakaondolewa kwenye kesi. Mei 3 Lars mwenyewe akaenda ofisi za Napster na maboksi ya karatasi, majina ya watumiaji 335,435 wafungiwe. Wengi wao mashabiki wake mwenyewe.

Wanafunzi wa Marekani walichukia ile mbaya. Nami kwa moyo niko upande wao, maana sijui nani hapa hajawahi kupokea albamu nzima kwa flashi. Lakini tuwe wakweli kidogo. Kaseti ilitembea polepole, ilichakaa, na aliyeipenda alitafuta ya dukani. Wimbo wa kompyuta nakala ya milioni ni sawa na ya kwanza. Na Lars alisisitiza kwamba suala si pesa tu, ni nani anaamua kazi itoke lini. Isitoshe tangu 1991 walikuwa wanawatengea mashabiki sehemu maalumu ya kurekodi matamasha yao, kwa hiyo si kweli kwamba walikuwa wachoyo. Tatizo langu ni yale majina. Unaweza kumshitaki mwenye programu bila kubeba majina ya watoto waliokupenda kwenye maboksi mbele ya kamera. Kesi iliisha kwa makubaliano 2001. Desemba 2012 walipoingiza muziki wao Spotify, Lars alikaa jukwaa moja na Sean Parker, mmoja wa waanzilishi wa Napster, wanacheka.

Newsted aliondoka Januari 2001, baada ya James kumkatalia kuwa na bendi nyingine ya pembeni. Mwaka huo huo James akaenda kutibiwa ulevi. Filamu ya Some Kind of Monster ya 2004 inawaonyesha wakilipa mshauri nasaha dola 40,000 kwa mwezi awafundishe kuongea. Mustaine naye yumo, amekaa mbele ya Lars, anamweleza lile basi lilivyomuuma. Robert Trujillo akachukua besi 2003, na yumo mpaka leo.

Walipoingizwa Rock and Roll Hall of Fame Aprili 2009 walimwita Newsted apige nao, besi mbili jukwaani. Aliyesimama kwa niaba ya Cliff ni baba yake, Ray Burton, mzee ambaye kwa miaka mingi aliendelea kwenda kwenye shoo zao. Mzee Ray alifariki Januari 2020. Kabla ya hapo alieleza fedha za nyimbo za mwanawe alikuwa anazipeleka wapi: kwenye mfuko wa ufadhili wa wanafunzi wa muziki, katika sekondari aliyosoma Cliff, Castro Valley.