Mnara wa taa wa Chumbe wazidi kuongoza vyombo baada ya karne moja

MNARA wa taa katika kisiwa cha Chumbe, uliojengwa na Waingereza mwaka wa 1904, ungali unaongoza vyombo vinavyosafiri kati ya Zanzibar na Dar es Salaam.

Kwa msomaji wa bara, awe Maua, Meru au Embu, mnara wa aina hii ni jengo refu lenye taa kileleni. Nahodha aionapo usiku hutambua mahali alipo na kujitenga na miamba. Chumbe, kilicho takriban kilomita 12 kusini magharibi mwa Mji Mkongwe, ni kisiwa cha matumbawe chenye ukubwa wa hekta 22 hivi.

Hapo awali taa ilihitaji walinzi wa kuishi kisiwani. Kuna nyumba yao na msikiti mdogo wenye usanifu wa Kihindi. Mwaka wa 1926 taa ilianza kutumia gesi.

Taa za gesi zilienea duniani kutokana na uvumbuzi wa Gustaf Dalén wa Uswidi, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 1912. Vali yake ilikuwa na fimbo nyeusi iliyotanuka kwa mwanga wa mchana na kufunga gesi. Jioni fimbo ilisinyaa, gesi ikapita, taa ikawaka bila mkono wa mtu.

Kufikia miaka ya 1990 nyumba ya mlinzi ilikuwa gofu. Mwaka wa 1994 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa magharibi na msitu wa kisiwa kuwa hifadhi, chini ya usimamizi wa kampuni ya CHICOP. Gofu likafanywa kituo cha wageni na mafunzo, na waliokuwa wavuvi wakawa askari wa hifadhi. Wanafunzi wa Zanzibar huja kujifunza kuhusu bahari, na wageni huweza kupanda mnara.

Hata hivyo, taa pekee haitoshi. Mnamo Julai 18, 2012, feri ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe mchana, bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi wakafariki. Taa humwonyesha nahodha mwamba ulipo. Uzima wa chombo, idadi ya abiria na uamuzi wa kung'oa nanga hubaki mikononi mwa wanadamu.