Superkondakta na Sumaku kwenye Tando Nyembamba

Superkondakta ni dutu inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa vya kutosha. Metali ya niobi hufikia hali hiyo karibu na nyuzi −264 za Selsiasi. Heike Kamerlingh Onnes aliigundua hali hii Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, katika zebaki. Ndani ya superkondakta elektroni husafiri mbili mbili, spini zao (usumaku mdogo wa kila moja) zikielekea pande kinyume. Sumaku huzilazimisha zielekee upande mmoja, na jozi huvunjika.

Uhasimu huo huzaa mambo mapya tando za aina hizo mbili zinapogusana. Dhahabu si superkondakta. Lakini utando wake ukilazwa juu ya niobi, jozi hupenya na kuupa sifa hiyo. Ndani ya kobalti, ambayo ni sumaku, jozi hufifia baada ya nanomita chache tu, tena hupanda na kushuka kama wimbi. Kwa hiyo unene wa sumaku huamua mkondo unaoivuka utaelekea wapi. Mwaka 2001 Valery Ryazanov na wenzake walithibitisha kugeuka huko kwa mkondo katika aloi ya shaba na nikeli.

La ajabu zaidi ni hili: mwelekeo wa usumaku ukibadilika mpakani, huzaliwa jozi zenye spini sambamba, ambazo sumaku haizivunji. Mwaka 2006 mkondo wa namna hiyo ulipimwa ukivuka mamia ya nanomita za oksidi ya kromi yenye usumaku.