Sungura na Fisi Kabla ya Runinga

Watoto wa Mbooni walijua kumsoma Fisi muda mrefu kabla hawajamwona kwenye kioo cha runinga. Katika vilima hivyo vya Makueni, lilipo soko la Kikima, mapokeo ya Wakamba yanasema wazee walitulia kwanza, kisha baadhi ya vizazi vyao vikavuka mto Athi kuingia Kitui. Hadithi zilisimuliwa jioni, kazi za mchana zikishakwisha, na mara nyingi msimulizi alikuwa nyanya. Sungura na Fisi wake hawakuwa na uso wa kutazamwa. Walikuwa na sauti, wimbo wa hapa na pale, na matendo. Sungura akimwita Fisi rafiki, msikilizaji alitarajiwa kujua kwamba hesabu ya nyama imekwisha kupigwa na fungu la Fisi halimo. Nyanya hakuhitaji kutamka kwamba Sungura ana hila au kwamba Fisi ana tamaa. Alizidisha upole kwenye sauti ya mmoja na pupa kwenye sauti ya mwenzake, watoto wakamaliza wenyewe.

Hadithi hizo zilifika kwenye karatasi mapema kuliko za jamii nyingi za Kenya. Msweden Gerhard Lindblom alifanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, na mwaka 1928 akachapisha juzuu ya kwanza ya ngano za Wakamba, yote ikihusu wanyama. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui ambaye jina lake, kwa bahati, ni lile lile la fisi kwa Kikamba, alitoa mkusanyiko wake mwaka 1966. Anayesoma maandishi ya namna hii hupata mazungumzo na matukio, lakini sauti haipo. Uhusiano wa wahusika inambidi aukisie kutokana na nani anamtuma nani, nani anakula kwanza na nani anabaki kulinda mzigo.

Sinema ilipoingia Afrika Mashariki ilikuja na dhana tofauti kabisa juu ya wasikilizaji hao hao: kwamba hawajui kusoma picha. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioongozwa na L. A. Notcutt ulitengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, milima ya Usambara nchini Tanganyika, na kuzizungusha kwa gari hadi Kenya na nchi jirani. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yake, na William Sellers, aliyewahi kuonyesha sinema za afya Nigeria, akakipa kanuni: picha iende polepole, kamera isirukeruke, hila za kiufundi ziepukwe. Kanuni hizo zilisindikizwa na visa vilivyorudiwa mno, kama kile cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa kizima, wakajibu kwamba kwao mbu wakubwa hivyo hawapo. Hata kama kisa hicho kilitokea, kinahusu ukubwa wa picha tu. Hakisemi lolote juu ya uwezo wa mtu kutambua wivu, woga au usaliti. Wakati huo huo Charlie Chaplin, ambaye filamu zake za mwanzo hazina neno lililotamkwa, alipendwa sana na watazamaji wa Kiafrika. Ni vigumu kumcheka Chaplin bila kuelewa anachokitaka na anayemwogopa.

Jibu la kisayansi lilitoka mbali, tena katika miaka ile ile ya kanuni za Sellers. Mwaka 1944, huko Marekani, wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walichapisha jaribio lililotumia filamu fupi ya kuchorwa isiyo na mtu wala mnyama: pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara, na kisanduku chenye mlango unaofunguka. Maumbo hayo yanasogea tu. Kubwa linaligonga dogo, duara linakimbilia ndani ya kisanduku, kubwa linalifuata, kisha yale mawili madogo yanatoroka pamoja. Wanafunzi 34 waliambiwa waandike walichokiona, na mmoja peke yake ndiye aliyeandika habari za maumbo. Waliobaki waliona viumbe hai, na wengi wakaona mbabe, wapenzi wawili, hasira na ahueni. Hapakuwa na macho wala midomo. Mwendo na umbali vilitosha. Bila kukusudia, jaribio lile lilieleza kazi ya nyanya wa Mbooni.

Kenya ilianza matangazo ya runinga mwaka 1962, ila kwa miaka mingi vijiji vilikosa umeme, na mhusika wa kuchorwa aliyefahamika sana kwa wasomaji wa Kiswahili alikuwa Juha Kalulu, kibonzo cha Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo. Fisi wa kuchorwa aliyevuma duniani kote alikuja mwaka 1994 katika filamu ya Disney, The Lion King. Kati ya fisi watatu wakuu, Ed hasemi neno hata moja. Ulimi unaning'inia, macho yanazunguka, kicheko kinajibu kila swali, na bado mtazamaji anajua lini anakubali na lini ana njaa. Scar, simba mwovu wa filamu hiyo, naye anajulikana mapema: anachezea panya kwa kucha huku akilalamika, na chuki yake kwa ndugu yake inaonekana kabla hajapanga lolote.

Mwaka 2010 ngano za Kiafrika zilirudi kwenye kioo zikiwa zimechorwa Nairobi. Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyotengenezwa katika studio ya Homeboyz, ilifuata mtindo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam: wanyama bapa wenye rangi kali na macho makubwa. Uso bapa una nafasi ndogo ya kuficha jambo, kwa hiyo hisia zilibebwa zaidi na macho, mkao na nyimbo. Kila kipindi kinaeleza kwa nini mnyama fulani yuko alivyo, na kwa kuwa watazamaji ni watoto wadogo, ugomvi huishia kwenye suluhu. Ngano za Ukambani ni kali zaidi. Humo Fisi mara nyingi hupigwa au hufa, na Sungura huenda zake bila kuomba radhi.